Nyasi za Ufipa na nchi iliyodhaniwa tupu

Kirando ni mji wa samaki. Wakazi wake huhesabu siku kwa mwezi, maana usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliki kwa taa, na mitumbwi hulala ufukweni hadi giza lirudi. Anayetaka kuona ng'ombe wa Ufipa hana budi kuliacha Ziwa Tanganyika mgongoni na kupanda. Barabara inakwenda Namanyere, inapita Chala, inaishia Sumbawanga, na katika safari hiyo moja mtu hupanda karibu mita 1,000. Kwanza anapita katikati ya miyombo. Baadaye miti inapungua, vilima vinafunguka, na mbele yake hakuna kilichobaki ila nyasi na upepo. Mwezi wa Juni na Julai upepo huo ni mkali kiasi kwamba wachungaji wa Nkasi huvaa makoti mazito mchana kweupe. Upande wa mashariki uwanda unakatika ghafla kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutolea maji, lenye magadi, linalojaa na kukauka lipendavyo.

Tangu wageni waanze kuandika habari za nchi hii, wengi wameiona tupu. Wapimaji walichora ramani zenye nafasi nyeupe, maofisa wakaripoti ardhi isiyo na watu, wapangaji wa mipango wakaona malisho yasiyo na mwenyewe. Utupu ulikuwapo kweli, kwa vipindi na mahali fulani. Ila haukuumbwa pamoja na vilima. Uliletwa na matukio yanayojulikana, mengi yake yakiwa yamebanana ndani ya miaka sabini hivi, na maamuzi mengi yaliyofuata yalifanywa na watu walioukuta wakadhani ndiyo asili ya nchi.

Tuanze na mdudu, maana bila yeye ramani ya ufugaji hapa haisomeki. Kati ya ziwa na uwanda wa juu kuna ukanda wa miyombo, makao ya ndorobo, yaani mbung'o. Ng'ombe akiumwa nao hupata nagana: hukonda, manyoya husimama, hufa. Binadamu hupata malale. Ndorobo anahitaji kivuli cha vichaka na damu ya wanyama, na kwenye nyasi zisizo na miti hapati makao. Ndiyo maana uwanda wa Ufipa ulikuwa kisiwa cha ng'ombe kilichozungukwa na misitu ya mauti. Mvuvi wa mwambao hakuweza kufuga hata akiwa na mali. Mtu wa juu aliweza, lakini kuwashusha ng'ombe wake ziwani ilikuwa kucheza kamari na mifugo yote.

Waliofika juu zamani waliutumia uwanda huo kwa akili ambayo bado inanishangaza. Masimulizi ya Wafipa yanaitaja Milansi kuwa kitovu cha nchi, na Ntatakwa kuwa mtawala wake wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni. Kisha yanasimulia juu ya wanawake wageni waliofika mtawala akiwa mbali na mji wake, wakaketi mahali pake na kuidai nchi. Kutokana nao ukatokea ukoo wa Watwachi, ambao baadaye uligawanyika katika himaya mbili: Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Milansi haikufutwa. Ilibakiwa na heshima ya ibada, huku utawala wa siku kwa siku ukiwa kwa Watwachi. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliyachambua masimulizi haya kwa kirefu. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba watu wawili wenye madai juu ya nchi moja walipatiwa nafasi mbili tofauti, na nchi ikaendelea kulimwa.

Kulimwa kwenyewe ndiko kulikozifanya nyasi kuwa mali. Penye miti, wakulima wengi wa kusini magharibi walikata matawi, wakayachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Juu ya uwanda hakuna matawi ya kuchoma. Mfipa akabuni ntumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha na udongo ungali laini, hulibiringisha tabaka la juu pamoja na nyasi zake, akajenga vichuguu vya mviringo, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani. Zinaoza humo na kuwa mbolea. Vichuguu hupandwa maharage au maboga, na msimu unaofuata husambazwa shambani na kupandwa ulezi. Shamba likichoka huachwa lirudie kuwa majani, na hapo ng'ombe hulisha. Kwa hiyo mtu aliyepita akaona eneo kubwa la nyasi bila jembe wala boma angeweza kudhani haliguswi na mtu, kumbe lilikuwa shamba lililopumzika, lenye ukoo unaolifahamu na mwaka wake wa kurudiwa.

Jembe lenyewe lilitoka papo hapo. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilizopita kimo cha mtu, bado zinaonekana zikiwa magofu katika vijiji kadhaa vya Nkasi na Sumbawanga. Tanuri hizo zilikula mkaa mwingi mno. Wako wasomi wanaoamini kwamba mkaa huo, pamoja na moto wa kila kiangazi, ulichangia kuifanya nchi ya juu ikose miti. Kama ni hivyo, basi hata uwazi wa malisho ya Ufipa una alama ya mkono wa mwanadamu.

Pigo la kwanza kubwa lililetwa na Wangoni. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likapanda kaskazini likinyakua ng'ombe na vijana, na miaka ya 1840 lilipiga kambi Ufipa. Haikuwa bahati tu. Jeshi linalotembea na mifugo lingeweza wapi kutua katika nchi hii iliyojaa ndorobo, kama si juu ya uwanda usio na miti? Zwangendaba alifia hukohuko Ufipa, mahali panapoitwa Mapupo, yapata mwaka 1848. Wanawe na majemadari wake waligombana, wakatawanyika: Watuta wakashika njia ya Unyamwezi na Ujiji, Wagwangwara wakaishia Songea, wengine wakarudi kusini hadi nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Waliondoka na ng'ombe, na waliondoka na watu.

Huku nyuma, misafara ya biashara kutoka Tabora ilikuwa imefika ziwani. Kirando kilikuwa miongoni mwa vivuko vya kwenda Marungu, ng'ambo ya Kongo. Pembe za ndovu zilivuka kuja huku, na pamoja nazo mateka. Uislamu na Kiswahili viliingia mwambao huu kwa njia hiyo, na vimekaa, ni urithi wa watu wa Kirando leo. Lakini haifai kuusimulia mji huu wa bandari bila kuwataja waliopita hapo wamefungwa shingo. Livingstone alipita nchi ya Wafipa kandokando ya ziwa mwishoni mwa 1872, na mwaka uliofuata, baada ya kufariki kwake, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakakatiza Ufipa wakiwa wameubeba mwili wake kuelekea Tabora.

Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na ushee, alipanda kutoka ncha ya kusini ya ziwa na kufika kwa Kapufi, mtawala wa Nkansi. Akaliona pia Ziwa Rukwa, akalipa jina la Leopold, jina ambalo halikudumu. Aliwakuta Wafipa wakiwa wakulima hodari, wapole, wenye utawala uliotulia. Ushahidi wake ni wa thamani kwa sababu ni wa kabla ya msiba mkubwa zaidi.

Kabla ya msiba huo kuna kisa kidogo kinachoonyesha nguvu ya ndorobo kuliko maelezo yangu yote. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akitafuta njia ya kufika katikati ya Afrika, alitaka mnyama wa kubeba mizigo atakayehimili nchi ambayo maksai, punda na farasi walikuwa wakifa. Chama chake kilikuwa kimejenga kituo Karema mwaka 1879, kaskazini ya Kirando. Mwaka huohuo tembo wanne wa India walishushwa karibu na Dar es Salaam, wakaanza safari ya bara. Wengi wakafia njiani, na Carter, kiongozi wa msafara huo, akauawa mwaka 1880 vitani Pimbwe. Mpango ukafa pamoja naye. Mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, na kutoka kituo hicho na vingine vya mwambao Ukatoliki ukapanda Ufipa yote.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshuka hadi eneo letu. Hakuna mfugaji aliyewahi kuuona. Ng'ombe alitokwa machozi, kinywa kikaoza, akaharisha, siku chache akaanguka. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe iliangamia, na nyati na wanyama wengine wa porini wakafuata. Juu ya uwanda wa Ufipa mazizi yalibaki matupu. Baada ya mifugo ikaja njaa na ndui. Baada yake likaja jeshi la Wajerumani, ambao mwaka 1898 walijenga boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na mwaka huohuo kodi ya nyumba ikaanza kudaiwa katika koloni lote.

Hapa ndipo utupu ulipozaliwa, na ningependa msomaji aone jinsi ulivyofanya kazi. Ng'ombe wakitoweka, nyasi hukua bila kuliwa. Watu wakihama au wakifa, hakuna wa kuwasha moto kwa wakati wake, hakuna wa kukata vichaka. Pembezoni mwa uwanda na chini bondeni vichaka vikarudi. Wanyama wa porini walionusurika na sotoka walizaana upesi kuliko ng'ombe, na ndorobo akapata kivuli na damu kwa pamoja. Ardhi iliyokuwa ya watu ikawa ya mdudu. Helge Kjekshus, mwanazuoni wa Norwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijenga hoja hii kwa Tanganyika nzima katika kitabu chake cha mwaka 1977: kwamba watu wa kabla ya ukoloni walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba pori ambalo wakoloni walilikuta lilikuwa jipya. Wako wanahistoria waliompinga katika mambo kadhaa, hasa kwa kuisawiri enzi ya kabla ya hapo kama ya neema tupu. Kwa Ufipa mimi naona hoja yake ina uzito, ila sotoka pekee haielezi yote. Wangoni na biashara ya watumwa vilikuwa vimekwisha kuidhoofisha nchi miaka arobaini kabla.

Malale yakaongeza. Tangu miaka ya 1900 ugonjwa huo ulisambaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Wajerumani wakafyeka vichaka na kuhamisha watu wa ufukweni. Waingereza, baada ya kuichukua nchi, waliendelea na mbinu hiyo: miaka ya 1920 na 1930 familia nyingi za magharibi ya Tanganyika zilikusanywa kwenye makazi makubwa na kuacha nyuma vijiji vyao. Kitabibu kulikuwa na sababu. Kwenye ramani, matokeo yake yalikuwa maeneo mengine makubwa yasiyo na moshi wa jiko. Na maeneo hayo yakawa rahisi kutangazwa hifadhi. Katavi, kaskazini ya bonde, ilikuwa imetengwa na Wajerumani tangu 1911, nayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974.

Bonde la Rukwa lilijulikana duniani kwa sababu nyingine kabisa. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu waliifunika karibu nusu ya kusini ya Afrika. Wataalamu walipofuatilia makundi hayo yalikoanzia, walifika kwenye mabonde machache tu, na mawili yaliyo maarufu zaidi ni Mweru wa Ntipa huko Zambia na Rukwa kwetu. Nzige hawa hupenda nyanda ambazo maji huja na kuondoka, zenye majani marefu na mabaka ya udongo mtupu wa kutagia. Ziwa Rukwa, kwa tabia yake ya kupanua na kupunguza kingo, liliwaandalia makao hayo kila mwaka. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti nzige wekundu, makao makuu yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka. Kwa miaka mingi magari na ndege zake zilizunguka bonde hili zikitafuta wadudu kabla hawajaota mbawa za safari. Kazi hiyo haijakwisha. Mwaka 2009 FAO ilitangaza kwamba mlipuko mkubwa ulikuwa umezuiwa nchini Tanzania kwa kutumia kuvu anayeua nzige, badala ya sumu za kemikali.

Katika shirika hilo alikuwapo mwanasayansi mmoja ambaye jina lake lingepaswa kufahamika Sumbawanga: Desmond Vesey-FitzGerald. Aliajiriwa kutazama nzige, akajikuta akitazama nyasi. Aliona kwamba mvua ikiisha, tembo na nyati huingia kwanza kwenye majani marefu ya bondeni, wakayakanyaga na kuyala hadi yakafupika. Nyuma yao huja nyamera na sheshe, ambao wasingeweza kula majani yale yakiwa marefu, wakala machipukizi. Kila mnyama humwandalia mwenzake meza. Aliyachapisha hayo mwaka 1960, na wazo lake la malisho ya kupokezana likaja kutumiwa sana na watafiti wa Serengeti. Leo wanafunzi wa ikolojia duniani hulijifunza. Wachache huambiwa kwamba lilizaliwa Rukwa, kwenye bonde ambalo taarifa za serikali zililiita pori la nzige.

Uhuru ulipokuja, nchi bado ilikuwa na watu wachache. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa miaka ya 1970 kwa kumega sehemu za Mbeya na Tabora, na sensa ya 1978 iliukuta na watu 451,897 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, ambalo lilijumuisha pia Katavi ya leo. Ni chini ya watu saba kwa kilomita moja ya mraba. Serikali ikaona fursa. Ranchi za umma zikaanzishwa kwenye nyasi za juu, Kalambo na Malonje zikiwamo. Operesheni Vijiji ikawakusanya watu barabarani, wakaacha mahame ya babu zao. Mbolea na bei moja ya nchi nzima zikayaleta mahindi kwa wingi, Rukwa ikahesabiwa katika mikoa minne mikubwa ya chakula pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ulezi na ntumba vikarudi nyuma. Plau ikaja, na ng'ombe wa Mfipa akapata kazi ambayo babu yake hakuijua.

Na tangu miaka ya 1970 walikuwa wanakuja wengine. Wasukuma, waliobanwa na ukame na uhaba wa malisho Mwanza na Shinyanga, walishuka polepole na makundi yao, wakapita Tabora na Mpanda, wakaingia Mpimbwe na bonde la Rukwa: Muze, Mtowisa, Milepa, Ilemba. Wengine wakapanda juu. Serikali ilipoondoa mifugo Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, makundi yaliyofukuzwa kule yalitafuta pa kwenda, na nchi zenye sifa ya kuwa tupu zilipokea mzigo zaidi ya uwezo wake. Msukuma hakuja na ng'ombe tu. Alikuja na mkokoteni, na kilimo cha mpunga, na mazoea ya kufyeka kwanza. Alipofyeka, ndorobo alikimbia. Kazi iliyoachwa tangu enzi ya sotoka ikafanywa tena, safari hii na mgeni, na kwa gharama ya misitu ambayo wenyeji walikuwa wameizoea.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 Rukwa na 1,152,958 Katavi. Ni karibu mara sita ya wale wa 1978, kwenye ardhi ileile. Hata hivyo mipaka mingi iliyochorwa wakati wa uchache bado imesimama. Shamba la Malonje, lililokuwa ranchi ya serikali, lilihamia mikononi mwa taasisi ya dini katika ubinafsishaji, na kwa miaka mingi vijiji vinavyolizunguka vimekuwa vikidai kwamba ardhi hiyo ni ya mababu zao. Sitahukumu kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba mtu anayeuliza kwa nini wanavijiji wanadai eneo lililokuwa wazi arudi kwenye ntumba na mashamba yaliyopumzika, kabla ya kuamua kwamba uwazi ule ulimaanisha halina mtu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga malisho, na sheria ya malisho ya mwaka 2010 inalinda maeneo yaliyotengwa. Kwenye karatasi, kila kijiji cha bonde kinaweza kupata ramani yenye rangi ya shamba, ya malisho na ya njia ya mifugo. Tatizo ni kwamba ng'ombe wa Rukwa hawakai kijiji kimoja. Masika huchungwa kwenye miinuko, kiangazi hufuata maji yanayorudi nyuma kuelekea katikati ya ziwa, wakilisha majani mabichi yanayoachwa na maji, njia ileile ambayo tembo na nyati wa Vesey-FitzGerald waliifuata. Kijiji kimoja kikiziba njia, vijiji vitano vya nyuma yake vinagombana.

Penye maelewano, yameanza mashambani. Mfipa asiye na maksai huazima plau ya jirani yake Msukuma mvua zinapoanza, na mahindi yakishavunwa jirani huyo huingiza ng'ombe wake kwenye mabua. Samadi hubaki shambani. Hakuna hati iliyoandikwa, na mwaka ambao mmoja amevuna kwa kuchelewa na mwingine amekosa subira, kesi hufika kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi. Watoto waliozaliwa bondeni kwa wazazi kutoka Shinyanga sasa wana watoto wao. Wanatania na Wafipa kwa Kifipa, na huuza ng'ombe kwa wachuuzi wanaopeleka nyama hadi Kirando, kwenye mwambao ambao zamani ndorobo alikuwa hamruhusu ng'ombe kufika akiwa hai. Magari hayo hurudi juu yakiwa na magunia ya dagaa.